Nijiandae vipi kwa mkutano wa Barcelona ili akiba yetu isipotee?

*"Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Mwanza, naandika programu. Pamoja na wenzangu wawili tumetengeneza mfumo unaoitahadharisha SACCOS pale mwanachama anapotaka kutoa fedha kwa laini iliyobadilishwa kadi karibuni, maana wizi wa kubadilishiwa laini, mwizi anapohamishia namba yako kwenye kadi yake, umeumiza wengi huku. SACCOS tatu zimeanza kuutumia. Kwa sasa tunategemea mwanachama atoe taarifa mwenyewe. Tunachotaka ni mitandao itupe taarifa hiyo moja kwa moja. Machi ijayo nataka kwenda Mobile World Congress kule Barcelona nikaonane na kampuni kubwa za simu na wawekezaji. Tuna akiba ya milioni tisa, nafikiria kukopa nyingine sita. Nimeambiwa ukifika pale ni kuzunguka na kugawa kadi, mengine yatajipa. Pasi za kuingilia ziko za bei tofauti, ninunue ipi? Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Itakuwa Ramadhani na nitafunga. Sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Imebaki miezi saba. Nijiandae vipi ili fedha hii isipotee?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa mpigo, ila nikiyachuja naona hofu ni moja: mkamue akiba ya watu watatu, uende, urudi na mfuko wa kalamu na fulana, halafu wenzako wakuulize "Enhe, lete habari," ukose la kuwaambia. Una haki ya kuogopa. Wengi hurudi hivyohivyo, na si kwa uvivu. Walifuata ushauri uleule uliopewa wewe, wa kuzunguka na kugawa kadi.

Mkutano huu huandaliwa na GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani wenye makao yake London. Ulikuwa ukifanyika Cannes, Ufaransa, na tangu 2006 uko Barcelona. Siku hizi ukumbi ni Fira Gran Via, upande wa L'Hospitalet: majengo manane yaliyounganishwa kwa njia ya juu ya waenda kwa miguu. Mwaka 2024 na 2025 waliohudhuria walizidi 100,000 kila mara. Kutoka ukumbi wa kwanza mpaka wa nane, huku ukipenya katikati ya umati, hesabu dakika ishirini na kuendelea. Kuna watu hukosa miadi kwa hilo tu.

Sasa fikiria unalikaribia banda la kampuni kubwa. Utapokelewa na mtu nadhifu, mwenye tabasamu na koti lenye nembo. Huyo ni muuzaji. Kampuni imelipia kila mita ya mraba ya sakafu ile, naye ametumwa kutafuta wanunuzi; jioni ataulizwa kapata wangapi. Ataiskani beji yako, atakusikiliza dakika mbili kwa adabu, atakupa chupa ya maji yenye nembo, na jina lako litaingia kwenye orodha ya watu wa kutumiwa matangazo. Wewe umekwenda kumuuzia mtu aliyekuja kuuza. Mwenye uwezo wa kusema "tujaribu" yuko nyuma ya banda, kwenye vyumba vidogo vya mikutano ambavyo mlangoni pana mtu mwenye orodha ya majina, na ratiba yake ilianza kujaa tangu Januari. Kumfikia hakuhitaji bahati. Kunahitaji jina lako liwe kwenye orodha ile kabla hujapanda ndege.

Kwa hiyo swali la kwanza si pasi ipi. Ni nani hasa unamtaka. "Kampuni kubwa za simu na wawekezaji" ni kundi, huwezi kupeana nalo mkono. Kwa bahati nzuri bidhaa yenu inalenga jambo ambalo sekta yenyewe imekuwa ikilihangaikia. Februari 2023, kwenye mkutano huohuo wa Barcelona, GSMA ilizindua mpango uitwao Open Gateway. Shabaha yake ni mitandao ya simu iwe na viunganishi vya programu vya aina moja, hivi tunavyoviita API, ili mtengenezaji mdogo asilazimike kujifunza upya kila anapohama mtandao. Kimojawapo kinahusu kubadilishwa kwa kadi ya simu. Mfumo wako unauliza: je, laini hii imebadilishwa kadi ndani ya saa kadhaa zilizopita? Mtandao unajibu ndiyo au hapana. Basi. Hicho ndicho mnachokitafuta, na kinajadiliwa na watu wanaojulikana kwa majina na vyeo.

Watu hao ni wa aina mbili. Kuna wanaosimamia viunganishi au udhibiti wa udanganyifu ndani ya kampuni za simu. Kuna na kampuni za kati, zinazokusanya viunganishi vya mitandao mingi na kuviuza kwa pamoja. Infobip na Vonage ni mifano, na mwaka 2024 Ericsson pamoja na kampuni kadhaa za simu walitangaza kampuni ya kazi hiyohiyo, sasa inaitwa Aduna. Wawekezaji ningewaweka pembeni kwa safari hii. Mwekezaji atakuuliza kwanza kama mitandao imekubali kuwapa taarifa. Jibu la sasa ni hapana, na mazungumzo yataishia hapo.

Kuna jambo ambalo huenda hukulitarajia. Taarifa za laini ya Mtanzania zinashikwa na mtandao wa Tanzania, wenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya sheria za Tanzania. Hakuna meneja wa Hispania anayeweza kukupa. Watakaowaruhusu au kuwakatalia wako Dar es Salaam, na kuwaandikia hakuhitaji viza. Waandikie Vodacom, Airtel, Yas na Halotel mwezi huu. Barcelona inaongeza kitu kimoja ambacho Dar haina: wakubwa wa makundi ya kampuni. Vodacom Tanzania iko chini ya Vodacom Group ya Afrika Kusini, na hiyo iko chini ya Vodafone ya Uingereza. Halotel ni ya Viettel ya Vietnam. Yas, iliyokuwa Tigo, iko chini ya kundi la Axian. Bidhaa za namna hii mara nyingi huamuliwa ngazi ya kundi, halafu nchi hutekeleza. Ukienda na barua kutoka Dar inayosema "tumewasikia, tunasubiri uamuzi wa kundi," una sababu nzito ya kuomba dakika kumi na tano za mtu wa kundi. Ukienda mikono mitupu, jibu utakalopewa ni "wasiliana na ofisi yetu ya nchini kwako," na watakuwa sahihi.

Hapo ndipo naingia kwenye fedha. Usikope ile milioni sita.

Nasema hivyo bila kuzunguka kwa sababu mkopo una tarehe ya marejesho, na mkutano hauna tarehe ya kulipa. Biashara ya namna yako na kampuni za simu, hata ikienda vizuri, hupita kwa wanasheria, watu wa usalama wa mifumo na watu wa manunuzi kabla shilingi ya kwanza haijaingia. Ni miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Riba haisubiri. Ile milioni tisa peke yake inaweza kukufikisha Barcelona na kukurudisha kwa kujibana sana, ila itakuwa imeishia humo yote: nauli, pasi, kulala, viza, bima, na safari za kwenda Dar kwa ajili ya viza hiyo.

Kwa hali yenu ningeanza na Kigali. GSMA hiyohiyo ina mkutano wake wa Afrika, na kwa miaka minne mfululizo, 2022 hadi 2025, ulifanyika kila Oktoba katika Kigali Convention Centre. Angalia tarehe na mji wa mwaka huu kwenye tovuti ya GSMA yenyewe. Mtanzania haombi viza kuingia Rwanda, na kutoka Mwanza unafika kwa barabara kupitia Rusumo. Watu ni wachache mno ukilinganisha na Barcelona, na hilo kwako ni faida: meneja wa huduma za fedha wa mtandao wa Afrika, ambaye Barcelona hana hata nafasi ya kula, Kigali utamkuta amesimama na kikombe cha chai. Anajua SACCOS ni nini. Hutalazimika kumweleza wakala wa fedha ni nani. Kasoro yake ni kwamba kampuni za kati na wakubwa wa makundi ya Ulaya na Asia hawaji kwa wingi, na teknolojia mpya kabisa huoni. Kigali ikikupa watu wawili au watatu wanaosema "nitakuwa Barcelona, tuonane," safari ya Machi ina maana. Isipokupa hata mmoja, akiba yenu bado ipo na mmejifunza kwa gharama ya basi na vyumba vya siku chache.

Tuseme hilo limekwenda vizuri na unakwenda Barcelona. Kalenda yako itatawaliwa na viza, kwa hiyo anza nayo. Hispania iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, na kwa Hispania unaomba kupitia ubalozi wao wa Dar es Salaam. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na halipokelewi zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini wana haki ya kuuvuta hadi siku 45, kwa hiyo lenga kuwasilisha mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba, si Februari. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na hairudi hata ukikataliwa. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Pasipoti iwe haijapita miaka 10 tangu itolewe, iwe hai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Lazima ufike mwenyewe kutoa alama za vidole, na hiyo ndiyo safari ya Dar niliyoitaja.

Ukishalipia pasi, mwandaaji hutoa barua ya mwaliko ya kuambatanisha na ombi. Barua hiyo husaidia, haiamui. Afisa wa viza anajiuliza maswali mawili: safari hii inalipiwa na fedha gani, na nini kitakurudisha nyumbani. Hispania huangalia kama una uwezo wa kutumia zaidi ya yuro 100 kwa siku. Milioni tisa zikiingia kwenye akaunti yako wiki moja kabla ya kuomba zitaonekana kuwa za kuazima, hata kama ni zenu kweli. Ziweke mapema, zikae, na uambatanishe barua ya wenzako inayoeleza kwamba ni akiba ya kampuni. Ambatanisha na usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na mikataba ya SACCOS zile tatu, maana hivyo vinaonyesha una kazi inayokusubiri. Ukikutana na mtu anayekuahidi viza ya uhakika kwa malipo ya pembeni, mkimbie.

Bima yenye masharti ya kurudisha fedha safari ikivunjika si anasa. Mkutano wa 2020 ulifutwa tarehe 12 Februari, chini ya wiki mbili kabla ya kufunguliwa, kwa ajili ya korona. Chumba nacho chukua kile kinachoruhusu kufuta bila kukatwa, hata kama ni ghali kidogo.

Pasi: nunua ya chini kabisa, ile inayoitwa Discovery. Inakuingiza kwenye kumbi zote za maonyesho, ikiwa ni pamoja na 4YFN, sehemu ya kampuni changa. Zile za juu zinauza zaidi viti vya hotuba na sehemu za kupumzikia. Hotuba kuu nyingi hurushwa mtandaoni. Utaziangalia Mwanza ukiwa umeweka miguu juu. Nunua kwenye tovuti rasmi tu, na ukipokea barua pepe ya mtu anayekuuzia "orodha ya wahudhuriaji," ni tapeli.

Malazi ndiyo yanayowashtua watu. Wiki hiyo bei za vyumba Barcelona hupanda mara mbili, mara tatu. Usihangaike kutafuta katikati ya mji wala karibu na La Rambla, mtaa wa watalii. Tafuta Cornellà au Sant Boi, miji ya pembeni iliyo kwenye reli ya L8 inayosimama Europa | Fira, mlangoni kabisa mwa maonyesho. Kutoka uwanja wa ndege kuna metro ya L9 Sud, nayo inapita hapohapo. Ndani ya metro simu usiitie mfuko wa nyuma, na begi livae kifuani; wezi wa mifukoni wa Barcelona ni mafundi, na wiki ile huwa wanajua nani kabeba nini.

Sasa turudi kwenye miadi, maana hapo ndipo safari inapopatia au kuharibika. Desemba hakuna anayejibu kwa sababu ya sikukuu. Februari ratiba zimejaa. Andika wiki ya pili ya Januari, kumbusha mara moja baada ya siku saba, kisha mwache mtu apumue. Usimwandikie mkurugenzi mkuu. Mwandikie yule ambaye cheo chake kinataja viunganishi vya mtandao, udanganyifu au huduma za fedha za Afrika; majina utayapata LinkedIn, kwenye orodha ya wazungumzaji na ndani ya programu ya simu ya mkutano. Ujumbe wenyewe utauandika kwa Kiingereza, lakini maana yake iwe hivi:

"Bi fulani, sisi ni watu watatu wa Mwanza, Tanzania. Mfumo wetu unaitahadharisha SACCOS pale mwanachama anapotaka kutoa fedha kwa laini iliyobadilishwa kadi karibuni. SACCOS tatu zinautumia, lakini bado tunategemea mwanachama atoe taarifa mwenyewe. Ofisi yenu ya Dar imetuelekeza kwenu. Tunataka kujua lini kiunganishi cha kubadilishwa kwa kadi kitafunguliwa kwa Tanzania, na masharti yake kwa kampuni ndogo. Naomba dakika 15 Jumanne kabla ya saa tano asubuhi, hapohapo bandani kwenu."

Soma tena uone kilichomo: mlipo, mnachofanya, ushahidi, swali moja, na saa. Hakuna "tunaleta mapinduzi," hakuna kurasa kumi zilizoambatanishwa. Anaweza kujibu kwa sentensi moja akiwa ndani ya lifti. Na hata akikataa kuonana, jibu la swali lenyewe lina thamani. Mtu akikuambia "Tanzania haipo kwenye mpango wetu wa mwaka huu," amekuokolea fedha nyingi. Lenga miadi sita hadi minane kwa siku nne, usizidishe mitatu kwa siku, na uipange kwa ukumbi: asubuhi kumbi za mwanzo, mchana za mwisho. Miaka ya karibuni Huawei wamekuwa ukumbi wa 1, Ericsson wa 2, Nokia wa 3, lakini ramani ya mwaka wako ndiyo ya kuifuata. Ukipata miadi miwili tu ifikapo katikati ya Februari, ningekushauri uahirishe safari.

Siku ya mwisho, Alhamisi, wengi huidharau kwa sababu hufungwa mapema, saa kumi alasiri, na wakubwa wameshaanza kuondoka. Mimi naipenda. Watu wa mabanda wamechoka kuuza na hakuna foleni. Mhandisi aliyefichwa nyuma siku tatu anatoka mbele, na ukimuuliza swali la kihandisi atakuonyesha vitu ambavyo muuzaji wa Jumatatu asingeviweza.

Mfumo wenu uuonyeshe bila intaneti. Watu hudhani mkutano wa kampuni za simu utakuwa na mtandao mzuri kuliko popote duniani, kumbe waifai ni kama kikao: kwenye chaneli moja anazungumza mmoja kwa wakati, wengine wanangoja zamu. Weka simu elfu kadhaa na mabanda mamia yenye mitambo yao ndani ya ukumbi mmoja, foleni ya zamu inakuwa ndefu na ukurasa wako unazungukazunguka huku mgeni wako anaangalia saa. Kwa hiyo programu ifanye kazi yenyewe ndani ya simu, na pembeni uwe na video ya dakika moja na nusu iliyohifadhiwa kwenye simu hiyohiyo, si mtandaoni. Beba pawabenki. Beba na adapta, kwa sababu soketi za Hispania ni za matundu mawili ya duara na chaja yako ya pini tatu haitaingia. Bando la Hispania au eSIM (laini isiyo na kadi) litakugharimu kidogo kuliko kutumia laini ya nyumbani ukiwa ugenini, ila laini ya nyumbani usiizime. Ujumbe wa benki unaingia huko.

Na majina yaliyomo kwenye mfano wa kuonyesha yawe ya kubuni. Nasisitiza. Usimwonyeshe mtu yeyote namba, jina au salio la mwanachama halisi, hata kwa sekunde tatu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayofanya kazi tangu Mei 2023, na kutoa taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake. Hata bila sheria, unauza mfumo wa usalama. Mtu makini akiona umebeba taarifa za watu mfukoni hatakuamini tena. Ulaya hawana mchezo na hili: mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Hispania iliitoza GSMA yenyewe faini ya yuro 200,000 kwa namna ilivyoshughulikia taarifa za utambuzi wa sura kwenye mkutano wa 2021. Ukijisajili, soma kabla ya kukubali sura yako itumike kukuingiza mlangoni.

Kiingereza cha kuungaunga kisikunyime usingizi. Pale utakaa na Mkorea, Mchina, Mhispania na Mturuki, na wote Kiingereza wamekisomea kama wewe. Wanaelewana kwa sentensi fupi. Andaa majibu ya maswali matano utakayoulizwa kila mara: mnafanya nini, nani anawalipa, mnatofautianaje na benki, mnataka nini kwangu, mnatunza wapi taarifa. Yaseme kwa sauti mbele ya wenzako hadi yasikike ya kawaida, na wakukatize makusudi. Usikariri kama shairi. Ukikatizwa katikati utapotea.

Kuhusu swaumu, hauko peke yako. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku moja au mbili kabla ya mkutano, na 2026 mkutano uliangukia katikati ya mwezi. Barcelona wakati huo iko nyuma ya saa zetu kwa saa mbili, na mapema Machi jua huzama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, karibu na muda wa kufunga mabanda. Kwa hiyo tende na chupa ya maji viwe begini. Usitegemee kufika chumbani. Miadi mizito iweke asubuhi, ukiwa bado na nguvu, kwa sababu utatembea kilomita nyingi bila maji. Mwaliko wa chakula cha mchana ugeuze: "Nimefunga, tuonane tu saa tano." Hakuna atakayeshangaa. Ruhusa ya msafiri kutofunga ipo, lakini hilo mwulize shehe wako, si mimi. Na kama una kisukari, vidonda vya tumbo au unatumia dawa za kila siku, mwone daktari kabla ya kuamua kufunga na kutembea namna hiyo.

Jioni kabla ya kulala andika, kwa kila mtu, sentensi mbili: alisema nini, ulimwahidi nini. Mwandikie ndani ya siku mbili, ukiwa bado hukohuko. Wanaongoja kufika nyumbani hukuta majina yamechanganyikana, na mwenzao ameshapokea barua mia.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza, inabidi ukae na mtu ana kwa ana. La kwanza ni haki zenu. Kama ndani ya mfumo kuna mbinu mnayodhani inastahili hataza (patent), mwone mwanasheria wa miliki ubunifu kabla ya Kigali, sembuse Barcelona. Kwa sheria za Ulaya kitu kikishaonyeshwa hadharani huhesabiwa si kipya tena. Msimbo wenyewe unalindwa kwa hakimiliki, ila huyohuyo mwanasheria awaandikie makubaliano kati yenu watatu, maana sijaona ukitaja kama yapo. Mtu akikupa karatasi ya usiri uisaini pale bandani, usisaini. Sema utaituma baada ya kuisoma na wenzako. La pili ni mwongozo wa kisheria kuhusu huduma yenyewe: mkigusa malipo, Benki Kuu ina la kusema, na mkigusa taarifa za laini, TCRA nayo. Nenda ukaulize, usikisie.

La tatu ni viza. Kama uliwahi kukataliwa na nchi yoyote, liseme kwenye fomu na utafute ushauri wa mwanasheria kabla ya kuomba. Na ukikataliwa safari hii, utapewa karatasi yenye sababu iliyowekewa alama. Usikimbilie kulipa yuro 90 nyingine. Kwa viza ya Hispania una mwezi mmoja tangu kuarifiwa kuomba uamuzi uangaliwe upya. Chukua karatasi hiyo, mikataba na taarifa ya benki, umpelekee mwanasheria ndani ya wiki ya kwanza. Niandikie pia, na uniambie alama iliwekwa kwenye sababu ipi.